Umepewa ofa ya kufundisha Kiingereza ng'ambo: ipime hivi kabla ya kutia saini

Kutoka Nakuru hadi Busia, walimu wa Kiingereza wasio na kazi ya kudumu ni wengi. Wamesoma vyuo vikuu vya Egerton, Maseno au Masinde Muliro, nambari ya TSC (Tume ya Huduma ya Walimu) wanayo, na bado wanafundisha kwa malipo ya BOM (bodi ya shule) au wako kwenye unagenzi wa sekondari msingi kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ujumbe ukiingia kwenye simu ya mwalimu kama huyo ukisema kuna shule Bangkok, Dubai au Shanghai inayomtaka, mshahara mara tano ya anaopata, ni haki yake kufurahi. Sina nia ya kumkatisha mtu tamaa. Kuna Wakenya wanaofundisha huko kihalali, wanaishi vizuri na wanasomesha wadogo zao. Ila nimeona namna wengi wanavyopima ofa hizi: wanaanza na mshahara, wanaubadilisha kuwa shilingi, wanamwambia mama, na kuanzia hapo hawawezi tena kurudi nyuma.

Mshahara ni swali la tatu. La kwanza: je, sheria ya nchi hiyo inamruhusu mwenye pasipoti ya Kenya kufanya kazi hiyo? La pili: je, huyo anayekuita ni mwajiri kweli? Fuata mpangilio huo na ofa nyingi mbovu zitaanguka mapema, wakati gharama yako bado ni bando la intaneti tu.

Hatua ya 1: Anza na viza

Muulize aliyekuletea ofa, kwa maandishi: nitaingia nchini na viza ya aina gani, na kibali cha kazi kitaombwa na nani, kwa jina la kazi gani? Akishajibu, nenda kasome mwenyewe kwenye tovuti ya ubalozi wa nchi hiyo. Usitegemee video za mitandaoni, maana nyingi zimetengenezwa na Wamarekani na Waingereza, na masharti yao si yako.

Korea Kusini ndiyo mfano ulio wazi kuliko zote. Viza ya E-2, ambayo ndiyo ya walimu wa mazungumzo ya Kiingereza, kimsingi hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Kenya haimo. Hata uwe na digrii ya daraja la kwanza na miaka kumi darasani, mlango huo haukufunguki. Kwa hiyo mtu akikuahidi kazi ya Kiingereza Seoul kwa pasipoti ya Kenya, kuna jambo analokuficha.

China inawachanganya wengi kwa sababu kuna Waafrika wanaofundisha kule na wanapiga picha na watoto wa chekechea. Kanuni zake humtaka mwalimu wa lugha ya kigeni awe raia wa nchi ambayo lugha hiyo ndiyo lugha ya asili, awe na digrii, na awe na uzoefu wa miaka miwili, au digrii ya ualimu, au cheti kinachotambulika cha kufundisha Kiingereza. Kwa Mkenya, njia iliyo salama zaidi huwa ni shule ya kimataifa inayomtaka afundishe somo jingine, kama hisabati au sayansi, kwa kibali kilichoandikwa hivyo. Viza inayokuwezesha kufanya kazi ni ya Z. Ukiingia na ya L ya utalii, ya M ya biashara au ya X ya masomo kisha ukafundisha, sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo inaruhusu upigwe faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, ufungwe siku 5 hadi 15 kosa likiwa zito, na urudishwe nyumbani. Pia kumbuka kwamba Julai 2021 serikali ya China ilibana vikali biashara ya masomo ya ziada ya watoto, na vituo vingi vya Kiingereza vikafungwa. Anayekuambia soko la kule liko vilevile anasimulia habari za zamani.

Ujanja mmoja unaojirudia: kibali kinaombwa kwa jina la kampuni fulani, halafu unapelekwa kufundisha shule nyingine kabisa. Kibali cha kazi hufungamana na mwajiri aliyekiomba. Polisi wakifika shuleni, wewe ndiwe utakayepatikana na kosa, na aliyekupeleka hatakuwepo.

Thailand iko wazi zaidi kwa watu wetu. Utahitaji digrii, viza ya kazi ya Non-B, kibali cha kazi, na leseni au ruhusa ya muda kutoka Khurusapha, ambalo ni Baraza la Walimu la nchi hiyo. Kwa kuwa Kenya haihesabiwi miongoni mwa nchi zenye Kiingereza kama lugha ya kwanza, shule nyingi zitakudai matokeo ya mtihani wa Kiingereza, kwa kawaida TOEIC yenye alama zisizopungua 600. Usilichukulie kama tusi; kwa mtu aliyesomea Kiingereza chuo kikuu, mtihani huo unapitika. Zipo shule halali zinazokubali uingie kwa utalii kisha zikubadilishie viza ukiwa ndani, lakini hata hizo hazina ruhusa ya kukuingiza darasani kabla kibali hakijatoka. Kwa mgeni asiyemjua mtu kule, nashauri uisubiri Non-B ukiwa hapa Kenya. Ubalozi wa Thailand uko Nairobi, nauli ya basi kutoka Kisumu haitakufilisi.

Kwa nchi za Ghuba, digrii ya ualimu na uzoefu ndivyo vinavyohesabiwa. Katika Falme za Kiarabu, barua ya ofa ina fomu rasmi ya wizara ya kazi, na mkataba utakaotia saini baadaye unatakiwa ulingane nayo. Ukitumiwa barua iliyochapwa tu kwenye karatasi ya shule, omba ile ya wizara. Na sheria ya kule inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri.

Kuna pia majirani tunaowasahau. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, Sudan Kusini ina Kiingereza kama lugha rasmi tangu uhuru wake 2011, na shule za binafsi Mogadishu na Hargeisa zimeajiri Wakenya wengi. Mshahara wa Kigali hautakushangaza, lakini Mkenya halipii ada ya kibali cha kazi Rwanda, na mazishi yakitokea nyumbani unafika kwa basi. Kwa mwalimu mwenye watoto wadogo, mimi ningemwambia aanze kutazama huko.

Hatua ya 2: Mjue anayekuita

Maongezi haya, au yanayofanana nayo, yamo kwenye simu nyingi hapa Nakuru:

"Dada, hongera, umepita. Nafasi zimebaki tatu tu. Tuma elfu kumi na tano kabla ya saa kumi leo tukushikie."

"Asante kaka. Shule inaitwaje, na iko mji gani?"

"Hiyo utaambiwa ukishalipia. Wenzako washalipa."

Maongezi yaishie hapo. Amepita usaili upi? Shule isiyo na jina haiwezi kuchunguzwa, na hilo ndilo analolitaka. Haraka yake ina kazi: kukuzuia usimpigie mtu anayejua. Na ukiangalia vizuri, nambari ya M-Pesa aliyokupa ni ya mtu binafsi.

Maajenti wa ajira za nje husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha ya waliosajiliwa iko kwenye tovuti yao. Tafuta jina la kampuni, tazama kama leseni haijaisha muda, kisha mpigie simu mwenye kampuni kupitia nambari iliyo kwenye orodha, si ile uliyopewa kwenye WhatsApp. Matapeli hupenda kujificha nyuma ya jina la kampuni halali. Nenda ofisini kwao ukaone. Kama "ofisi" ni meza ya kukodi ndani ya saiba karibu na stendi, umeshaona vya kutosha.

Upande wa shule, fanya vivyo hivyo. Tafuta tovuti yake, ramani yake, picha za majengo, na nambari ya simu ya mapokezi. Piga, ujitambulishe, uombe kuzungumza na mkuu wa idara ya Kiingereza. Shule ya maana itakufanyia usaili kwa video, na mara nyingi itakutaka ufundishe somo fupi mbele yao. Mwalimu mzuri hafai kulikwepa jambo hilo. Kama wewe unataka kuwapima na wao pia, nafasi ni hiyo: waulize darasa lina wanafunzi wangapi, wanatumia kitabu gani, na mwalimu uliyekuja kuchukua nafasi yake aliondoka kwa nini.

Kisha omba kuunganishwa na mwalimu Mwafrika anayefundisha hapo sasa hivi. Zungumza naye kwa Kiswahili akiwa Mkenya, bila mtu wa tatu kwenye simu. Muulize mshahara huingia tarehe ngapi, na kama umewahi kuchelewa. Muulize pasipoti yake iko wapi. Jibu lolote lisilokuwa "ninayo mimi" ni sababu ya kusimama na kufikiri upya. Muulize pia, bila aibu, kama mwalimu mweupe anayefundisha darasa lile lile analipwa sawa naye. Ubaguzi katika kazi hii upo, hasa pale shule inapouza sura ya mwalimu kwa wazazi. Afadhali uujue ukiwa Kondele kuliko uukute kwenye karatasi ya mshahara ugenini.

Lazima niseme hili kwa uzito wake. Tangu mwaka 2022 serikali yetu imekuwa ikionya kuhusu kazi feki za Thailand ambazo mwisho wake ni Myanmar. Vijana wa Kenya, wengi wao wamesoma, waliahidiwa kazi za ofisini, za huduma kwa wateja na za kufundisha, wakatua Bangkok, wakapakiwa garini hadi Mae Sot mpakani, wakavushwa hadi eneo la Myawaddy. Huko walilazimishwa kutapeli watu mtandaoni, chini ya walinzi wenye silaha. Mwaka 2025 Wakenya kadhaa walikuwa miongoni mwa maelfu ya watu waliotolewa katika kambi hizo. Mae Sot iko karibu kilomita 500 kutoka Bangkok. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege uwe unajua shule iko mkoa gani na njia ya kufika huko. Ukiona gari la kukupokea linaelekea kwingine, lia, piga kelele kwenye kituo cha petroli, shuka. Mzigo utanunua mwingine.

Na tusifikiri utapeli huletwa na wageni pekee. Wazazi wa Uasin Gishu walioandamana Eldoret mwaka 2023 wakidai pesa walizolipia masomo ya watoto wao Finland na Kanada walikuwa wameamini mpango wenye jina la kaunti yao. Karatasi yenye nembo ya serikali nayo ichunguzwe.

Hatua ya 3: Soma mkataba ukiwa na kalamu mkononi

Uchapishe. Kwenye simu utauruka. Kisha tafuta mambo haya, kwa sababu ndiyo yanayoleta ugomvi baadaye.

Saa. Mkataba ukisema "saa 25 za kufundisha", tafuta kama kuna mahali pengine panaposema uwepo shuleni saa 40. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Tafuta pia kipindi kimoja ni dakika ngapi, na kama Jumamosi utaitwa kwa "shughuli za shule" bila malipo.

Miezi. Mwaka wa shule wa Thailand huanza katikati ya Mei na kuisha mapema Machi. Mkataba wa miezi 10 maana yake ni kwamba Machi na Aprili hulipwi, ilhali kodi ya nyumba inaendelea. Wengi hugundua hili likizo ikishaanza.

Mshahara wa msingi na marupurupu. Katika Falme za Kiarabu, kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi: siku 21 za mshahara huo kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, mradi umemaliza angalau mwaka mmoja. Sasa chukua walimu wawili, kila mmoja analipwa dirhamu 7,000 kwa mwezi. Wa kwanza msingi wake ni 5,000 na marupurupu 2,000. Wa pili msingi ni 2,500 na marupurupu 4,500. Wakiondoka baada ya miaka miwili, wa kwanza anabeba dirhamu 7,000 na wa pili 3,500. Barua zao za ofa zilionyesha jumla ile ile. Uliza mgawanyo kabla ya kukubali, kwa sababu ukishasaini haubadiliki.

Nyumba. "Nyumba ipo" si jibu. Chumba cha peke yako au cha kulala wanne? Umeme nani analipa? Ukipewa pesa badala ya nyumba, zinatosha mji huo?

Tiketi. Mara nyingi shule hurudisha nauli ukimaliza mkataba, si kabla. Ujue nani anatoa pesa leo.

Kuvunja mkataba. Tafuta kifungu cha faini. Mwajiri akikuachisha mwezi wa pili, tiketi ya kurudi ni ya nani? Ukiugua? Ukipata mimba? Kama kifungu kinakufunga wewe tu na mwajiri yuko huru, kirudishe kikarekebishwe.

Lugha. Mkataba wa lugha mbili huwa na sentensi inayosema ni nakala ipi itakayofuatwa mkigombana. Ikiwa ni ya Kiarabu au Kithai, tafuta mtu wa kuisoma kabla ya saini.

Ukisharidhika, kuna hatua ambayo hata maajenti wazuri hawaitaji. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ya Kenya uwe katika fomu iliyowekwa, utiwe saini na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa kazi. Afisa huyo anatakiwa ajiridhishe kwamba umekubali kwa hiari, umeelewa masharti, na una afya ya kuifanya kazi. Ofisi za kazi ziko Nakuru, Kisumu na Kakamega. Nenda na mkataba wako. Ajenti akikuambia hakuna haja, mwambie wewe unaiona haja.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kitakachobaki

Hapa ndipo mshahara unapoingia. Tuchukue mfano wa mji wa mkoani Thailand, na tukadirie baht moja kuwa Sh4.

Ofa A ni baht 30,000 kwa mwezi, yaani Sh120,000. Mkataba wa miezi 10, nyumba na tiketi juu yako. Tuseme kodi ni baht 6,000, umeme, maji na intaneti 1,500, chakula 8,000, usafiri 2,000. Jumla 17,500 kwa mwezi. Utalipwa miezi 10, utakula miezi 12. Kwa mwaka unaingiza baht 300,000 na kutumia 210,000. Zinabaki 90,000, sawa na Sh360,000. Toa tiketi ya kwenda, tuseme Sh80,000, na ya kurudi Sh80,000. Toa karatasi, mtihani, muhuri na safari za Nairobi, tuseme Sh50,000. Umebaki na Sh150,000 kwa mwaka mzima. Hiyo ni Sh12,500 kwa mwezi. Na bado mwenye nyumba atakuwa ameshika kodi ya miezi miwili kama dhamana hadi uhame.

Ofa B ni baht 25,000 tu, lakini kwa miezi 12, nyumba na tiketi juu ya shule. Unaingiza 300,000 vilevile. Matumizi bila kodi ni 11,500 kwa mwezi, 138,000 kwa mwaka. Zinabaki 162,000, yaani Sh648,000. Toa zile Sh50,000 za karatasi: Sh598,000, karibu Sh50,000 kwa mwezi.

Ofa ya mshahara mdogo imeacha karibu mara nne ya ile kubwa. Rudia hesabu hii kwa takwimu zako mwenyewe. Bei za kodi utazipata kwa yule mwalimu uliyezungumza naye, na bei ya baht, dirhamu au yuan ibadilishe kwa kiwango cha wiki hiyo. Kisha rudia mara ya tatu ukikadiria shilingi imepata nguvu kwa asilimia 10, uone kama bado inakulipa.

Mwaka wa kwanza wa ofa nyingi ni wa kulipia gharama za kwenda. Ukijua hivyo mapema, hutawaahidi watu wa nyumbani nyumba ya matofali ifikapo Desemba.

Hatua ya 5: Pima unachokiacha

Kama umeajiriwa na TSC kwa masharti ya kudumu, usipotee tu. Kutofika kazini siku 14 mfululizo bila ruhusa huhesabiwa kuwa utoro, na adhabu yake inaweza kufika hadi kufutwa kwenye sajili ya walimu. Omba likizo isiyo na malipo, na usubiri jibu la maandishi. Ikikataliwa, basi unachopima si mshahara dhidi ya mshahara. Unapima mkataba wa mwaka mmoja dhidi ya kazi ya hadi umri wa miaka 60 na pensheni yake. Kwa maoni yangu, mwalimu wa kudumu aliyekwisha fika nusu ya safari yake ya kazi asiache kwa ofa ya aina ya A hata akibembelezwa vipi. Mnagenzi au mwalimu wa BOM wa miaka 27 ana hesabu tofauti kabisa, na sioni kwa nini ajizuie.

Mkopo wa masomo wa HELB haukuachi uwanja wa ndege. Ukiacha kulipa, faini ni Sh5,000 kwa kila mwezi. Mkopo wa Sacco ndio mbaya zaidi kwa undugu, kwa sababu wadhamini wako ni walimu wenzako, na pesa zitakatwa kwao. Zungumza nao uso kwa uso, uweke malipo ya moja kwa moja kabla hujaondoka. NSSF unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari. Anayebaki na watoto ahakikishe malipo ya bima ya afya ya SHA yamesasishwa, la sivyo mtoto akilazwa, pesa ulizotuma za karo zitaishia hospitalini.

Usikope ili uende. Ukiuza ng'ombe mmoja uliyemfuga wewe, hiyo ni mali yako umeamua. Lakini hati ya shamba la mzee isiende dhamana kwa ajili ya tiketi, na harambee isiitwe kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti. Kijiji kikishachanga, huwezi tena kusema hapana hata ukigundua mkataba ni mbovu. Nimewaona watu wakiondoka huku wanajua, kwa sababu ya aibu tu.

Na kaeni chini na mwenzio. Mwaka mmoja ni mwingi kwa mtoto wa miaka miwili.

Hatua ya 6: Karatasi

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole unaweza kwenda kutoa Kisumu, Eldoret au Nakuru bila kufika Nairobi. Cheti cha tabia njema nacho huanzia eCitizen, kisha unakwenda Huduma Centre kwa vidole. Vyeti vya shule na digrii hupigwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, kisha kwenye ubalozi wa nchi unayokwenda; anza mapema, hili ndilo linalochelewesha wengi. Kama huna cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha saa 120 ndicho shule nyingi huuliza. Vya mtandaoni ni vya bei nafuu na vinatosha kwa karatasi. CELTA ya Cambridge ni ghali lakini ndani yake kuna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi ukitazamwa na mkufunzi, na darasani utaona tofauti. Mtu aliyezoea darasa la wanafunzi 60 wa kidato cha pili wanaojua Kiingereza tayari atashangazwa na watoto wasiojua neno hata moja.

Peleka nakala tu kwa ajenti. Vyeti halisi visilale kwa mtu.

Hatua ya 7: Jibu barua

Usijibu kwa simu. Andika barua pepe kwa Kiingereza chako safi, kwa anwani ya shule yenyewe, ukianza kwa shukrani, kisha uombe yafuatayo: jina kamili la kisheria la mwajiri na nambari yake ya usajili; aina ya viza na kibali, na jina la kazi litakaloandikwa humo; mgawanyo wa mshahara wa msingi na marupurupu, na miezi mingapi hulipwa; idadi ya saa za kufundisha na za kuwepo shuleni; anwani ya nyumba na picha zake; nani hulipa tiketi na lini; na nakala ya mkataba mzima, si muhtasari. Malizia kwa kusema utatoa jibu ndani ya siku 10 baada ya kuyapokea. Wakikujibu mambo matano na kuyaruka mawili, rudia hayo mawili. Kwa kawaida yaliyorukwa ndiyo yenye shida.

Mshahara nao unaweza kuombwa uongezwe. Wengi wetu tunaogopa, tunaona kama ni utovu wa adabu. Omba kwa heshima, mara moja, ukitaja sababu: uzoefu wako, usajili wa TSC, masomo mawili unayoweza kufundisha. Wakikataa mshahara, omba nyumba. Wakikataa nyumba, omba tiketi itolewe mwanzoni.

Kabla ya kupanda ndege

Chagua mtu mmoja nyumbani mwenye kichwa kilichotulia, awe dada, mjomba au mwalimu mwenzio. Mwachie nakala ya pasipoti, viza, mkataba, tiketi, anwani ya shule na nambari ya mapokezi ya shule. Jiandikishe kwenye ubalozi wa Kenya unaohusika. Tuna balozi Bangkok, Beijing, Abu Dhabi, Riyadh na Doha. Kubalianeni siku ya kupiga simu ya video kila wiki, na swali moja la kawaida, kwa mfano "ile mbuzi ya shangazi imezaa?", ambalo ukijibu "bado" maana yake uko salama, na ukijibu "imezaa pacha" maana yake umeshikwa na unasomewa ujumbe wako. Walio kwenye kambi za utapeli wanaweza kulazimishwa kuandikia nyumbani kwamba mambo ni mazuri. Akisikia "pacha", asianze kubishana nawe kwenye simu. Achukue zile nakala aende polisi na Idara ya Masuala ya Wakenya Walio Ughaibuni siku hiyo hiyo.